Kaka wa Muscat Asubiri Kwanza

*Mjomba, mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Mpanda mjini. Nina baiskeli ya mbio niliyonunua mtumba Dar es Salaam, ikaja kwa basi. Alfajiri natoka hadi Sitalike na kurudi, siku nyingine nashika njia ya Tabora. Nia yangu ni kwenda kushindana Kanda ya Ziwa, ingawa wenzangu wanasema vijana wa Shinyanga hawakamatiki. Kwenye simu nimeona wapanda baiskeli wa Ulaya wana kifaa kinachohesabu wati wanapokanyaga. Kaka yangu yuko Muscat na ameahidi kuninunulia, anitumie kwa mtu anayekuja likizo. Naomba unisaidie: nimwambie anunue kipi? Kinafungwaje, maana mafundi wa hapa nikiwauliza wanacheka? Vumbi na mvua za huku kitastahimili? Nikishakifunga nifanyeje nacho ili nipate nguvu? La mwisho, baba ana baiskeli ya Phoenix anayobebea mpunga kwenda mashineni. Naweza kukihamishia huko nifanye mazoezi na mzigo?*

*Mkanyaga Pedeli, Mpanda*

Mpwa wangu, nianze na swali lako la nne, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Kifaa hiki hakikupi nguvu. Kinakueleza umetumia nguvu kiasi gani, basi. Anayekinunua akitarajia mwendo atabaki na pedeli za bei mbaya na miguu ileile. Anayekinunua ili alinganishe kazi aliyofanya leo na ya mwezi uliopita, huyo kitamfaa kwa miaka.

Tukiite kipimanguvu. Ndani yake kuna vihisi vyembamba vilivyogandishwa kwenye chuma. Ukikanyaga, chuma hujipinda kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na vihisi vikijipinda pamoja nacho hubadilisha ukinzani wao wa umeme. Kifaa kinasoma badiliko hilo, kinajua umesukuma kwa mkazo gani, kinazidisha na kasi ya mzunguko wa kranki, na jibu linakuja kwa wati. Mhandisi Mjerumani, Ulrich Schoberer, ndiye aliyekianzishia biashara mwaka 1986 kwa jina la SRM. Kwa miaka mingi kilikuwa mali ya timu kubwa na maabara. Siku hizi hata mtu wa kawaida anaweza kukipata.

Uzuri wake utauelewa haraka kwa sababu unapita njia ya Sitalike. Kwenda, upepo uko mgongoni, unajiona bingwa. Kurudi, upepo uko usoni, kasi inashuka na unafika nyumbani umenyong'onyea. Miguu huenda imefanya kazi ileile pande zote mbili. Kasi ndiyo iliyokudanganya. Mapigo ya moyo nayo yana udanganyifu wake: Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto pekee linayapandisha hata ukiwa unaenda polepole. Wati haijali upepo wala joto. Ukikanyaga 200 ni 200.

Sasa, kabla kaka yako hajatoa riali yoyote, nataka ufanye jambo lisilogharimu hata senti. Tafuta kilima. Mpanda mjini pametandaa, lakini njia ya kuteremka Karema haiwezi kukosa vilima, maana Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari na mji wenu umeinuka zaidi ya mita 1,000. Upande wa Mwese ndiyo usiseme. Chagua mpando mmoja wa dakika tano au zaidi usio na mteremko katikati, weka alama mwanzo na mwisho, jiwe na mti vinatosha, kisha ujue umeinuka mita ngapi kati ya alama hizo. Ramani za simu zitakupa makadirio. Panda kwa nguvu zako zote zinazodumu, ukiwa umeshika saa.

Hesabu yake ni hii. Chukua uzito wako, wa baiskeli na wa maji uliyobeba, vyote kwa kilo. Zidisha na mita ulizopanda, zidisha na 9.8, gawanya kwa sekunde ulizotumia. Tuseme una kilo 62, baiskeli na maji kilo 11, jumla 73. Kilima kimeinuka mita 90 na umekipanda kwa dakika sita kamili, yaani sekunde 360. Hapo umetoa wati 179 kushindana na uzito peke yake. Kama mpando wenyewe una urefu wa kilomita moja na nusu, ongeza wati 30 na kidogo za msuguano wa matairi na hewa, utafika kama 210. Gawanya kwa kilo zako 62: wati 3.4 kwa kilo. Umeshajipima, na kaka yako bado hajaingia dukani.

Usiidharau njia hii kwa kuwa ni ya kalamu na karatasi. Unamjua Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mbio kwa David Kinjah kule Kikuyu na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Huyu alijulikana kwa kuinamisha kichwa akitazama wati zake badala ya kutazama wapinzani. Mwaka 2015 alipowaacha wenzake kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin, mtaalamu mmoja kwenye televisheni ya Ufaransa alipiga hesabu ya aina hii hii ya mlima na saa, akapata kama wati 7 kwa kilo, na watu wakaanza kunong'ona kuhusu dawa. Timu yake ikajibu kwa kutoa takwimu za kipimanguvu: wastani wa wati 414 kwa dakika 41 na sekunde 28, uzito wa mwili kilo 67.5, na baada ya masahihisho ni 5.78 kwa kilo. Tofauti ilitoka wapi? Timu ilisema kwa sehemu ni uzito, maana kwenye televisheni walimkadiria kuwa mzito kuliko alivyo. Kwa hiyo jipime kwenye mizani ya kweli. Na upepo ukiwa mkali siku hiyo, usiandike chochote kwenye daftari.

Hiyo habari ya masahihisho nayo ina faida kwako. Froome alikuwa anatumia sproketi ya mbele yenye umbo la yai, na umbo hilo huvifanya vipimanguvu vya kwenye kranki vihesabu kupita kiasi. Timu yake ilikadiria asilimia 6. Baiskeli za mtumba huja na kila kitu. Ukikuta sproketi yako ya mbele si duara kamili, jua namba zitakuwa na chumvi.

Panda kilima hicho mara moja kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Ikifika miezi mitatu daftari halina kitu, mwambie kaka akununulie matairi mazuri na pampu, utakuwa umemwokolea fedha. Daftari likijaa, basi una tabia ya mtu anayestahili kifaa.

Tuje kwenye kununua. Vipimanguvu hukaa sehemu tofauti: kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, katikati ya sproketi ya mbele, kwenye mkono wa kranki, au kwenye pedeli. Viwili vya mwanzo sitakuchosha navyo. Mkono wa kranki wa kushoto ndio rahisi kwa bei. Vipya huanzia kama dola 250 hadi 400, yaani laki sita na kitu hadi milioni moja. Pedeli zinazopima miguu yote miwili huanzia kama dola 500 na kupanda.

Kwa baiskeli ya mtumba, mimi ningechukua pedeli, hata ikibidi kungoja zaidi. Mkono wa kranki lazima ulingane na ekseli yako, na ekseli ziko za aina nyingi: ya pembe nne yenye bolti moja katikati, ile nene yenye uwazi ndani inayobanwa na bolti mbili pembeni mwa mkono wa kushoto, na nyinginezo. Kaka atanunua ya aina moja, wewe una nyingine, na mtu wa likizo ameshaondoka. Halafu kifaa hukaa upande wa ndani wa mkono, kinahitaji nafasi kama milimita 10 kati yake na fremu, na fremu nyingi za zamani hazina nafasi hiyo. Juu ya hayo, kipimo cha mkono wa kushoto kinasoma mguu mmoja na kuzidisha mara mbili. Kama mguu wako wa kulia ndio wenye kazi, utasomewa pungufu maisha yako yote.

Pedeli hazina shida hizo. Tundu la pedeli kwenye kranki nyingi za vipande vitatu lina kipimo kimoja, inchi 9 kwa 16. Chukua rula upime kipenyo cha nyuzi za pedeli yako ya sasa: ikiwa milimita 14 na kidogo, uko salama, ikiwa karibu 12.7, hiyo ni kranki ya kipande kimoja na pedeli hizi haziingii. Jambo la kumkumbusha kaka ni viatu. Karibu pedeli zote za namna hii hushika kiatu maalumu chenye kufuli chini, na kiatu kinahitaji kipande kinacholingana na pedeli. Anunue vyote dukani hapo hapo, pedeli, vipande na viatu, na wewe umpe urefu wa unyayo wako kwa sentimita, kwa sababu namba za viatu hutofautiana. Anayevileta aviweke kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, maana vina betri. Na Muscat hatapata shida ya kupata duka: Oman wana mbio zao kubwa, Tour of Oman, ambazo Froome huyo huyo alizishinda 2013 na 2014.

Uliza pia vitasomwa na nini. Simu nyingi zinapokea bluetuthi tu, na pedeli za siku hizi zinarusha bluetuthi, kwa hiyo unaweza kuanza na simu yako na programu ya bure. Ila simu juu ya usukani kwenye jua la saa sita inachemka, na kioo hakisomeki. Kompyuta ndogo ya baiskeli iliyotumika itakufaa zaidi ukiipata.

Kufunga, mafundi wakicheka waache wacheke. Mtu anayejua kubadilisha pedeli ya Phoenix anaweza kufunga hii. Ya kulia hufunguka kama nati yoyote, ya kushoto nyuzi zake ni kinyume. Njia ya kutochanganya: spana ikiwa juu ya pedeli, ukiisukuma kuelekea mbele ya baiskeli unakaza, pande zote mbili, na ukiivuta kuelekea nyuma unalegeza. Safisha nyuzi za kranki kwa kitambaa hadi kitoke cheupe, paka grisi nyembamba, ingiza pedeli kwa vidole mzunguko wa kwanza na wa pili. Ikigoma, toa uanze tena. Usiilazimishe kwa spana, utaua nyuzi za kranki ya alumini na hazifufuki. Mkazo wa mwisho ni kati ya nyutoni mita 30 na 40. Kama hakuna fundi mwenye spana inayopima mkazo, chukua spana ya sentimita 25 na usukume ncha yake kwa nguvu ya kuinua ndoo ya maji ya lita kumi na nne hivi. Hakikisha kidude cha kihisi hakigusi mkono wa kranki. Kikigusa, weka washa moja.

Kisha ingia kwenye programu na uandike urefu wa kranki. Umechongwa upande wa ndani wa mkono, mara nyingi 170, 172.5 au 175. Wengi huruka hatua hii halafu wanalalamika. Kosa la milimita 5 kwenye 170 ni kosa la asilimia 3 kwenye kila wati utakayoiona.

Baada ya hapo ni sifuri, na hapa ningeomba uwe mkaidi. Chuma hubadilika kwa joto. Baiskeli iliyolala ndani na kutolewa alfajiri ya Juni, ule ubaridi wa kiangazi, haisomi sawa na iliyosimama juani saa nane mchana. Itoe nje, iache dakika kumi na tano izoee hewa, isimamishe wima pasipo mguu kwenye pedeli, kisha bonyeza amri ya kuweka sifuri. Fanya hivyo kila safari. Siku ya kwanza, kimbia kwa nguvu mara chache ili pedeli ikae vizuri kwenye nyuzi, rudi ukaze, weka sifuri upya. Kama namba ya sifuri inaruka sana siku hadi siku, kuna kitu kimelegea au maji yameingia.

Ukitaka kujua kama kifaa kinasema kweli, nenda duka la nafaka. Mfuko wa sembe wa kilo 25, umehakikiwa kwenye mizani, ufunge kwa kamba kwenye pedeli, kranki ikiwa imelala sambamba na ardhi na breki ya nyuma imebanwa. Kwa kranki ya milimita 170, mkazo unapaswa kuwa nyutoni mita 41 na nukta sita hivi. Programu nyingi za watengenezaji huonyesha namba hiyo ukiitafuta. Watengenezaji wazuri hukubali kosa la asilimia 1 au 2, kwa hiyo ukipata 41 au 42 mrudishie muuzaji mfuko wake na umshukuru.

Vumbi lenu jekundu haliui vihisi, vimefungiwa. Linachoua ni beringi za pedeli na mfuniko wa betri. Futa kwa brashi kavu kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu. Usiipeleke kamwe kule wanakooshea pikipiki kwa mashine ya presha. Mvua ya masika haina nguvu ya kupenya mipira ya mfuniko, mashine ile inayo. Ukivuka maji yanayofika kranki, fungua mfuniko nyumbani, kausha, na usirudishe bila kuutazama ule mpira mwembamba kama umekaa kwenye mfereji wake. Pedeli za kuchaji kwa waya zina nafuu hapa kuliko za betri ya kidonge, maana betri za vidonge za bandia zimejaa madukani na zinaweza kukufia katikati ya njia ya Inyonga.

Sasa mazoezi. Wiki mbili za kwanza usijaribu chochote, endesha kama kawaida na uangalie namba zinavyokwenda. Weka kioo kionyeshe wastani wa sekunde tatu, kwa kuwa wati za papo kwa papo hurukaruka hadi zikutie wazimu. Halafu fanya jaribio: pasha mwili nusu saa, kisha dakika 20 kwa nguvu zote zinazolingana mwanzo hadi mwisho. Wastani wake uzidishe na 0.95. Ukipata 220, kiwango chako ni 209, takribani kile unachoweza kukishikilia saa nzima. Lami ya kuelekea Sitalike inafaa kwa hili, au ile ya Tabora ukitoka nje ya mji. Ukichagua Sitalike, geuza ukifika pale walipo viboko wa Mto Katuma. Ng'ambo ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mtu aliyeinamia kioo kutazama wati hamwoni nyati.

Kiwango hicho ndicho kitakachokutawala. Siku nyingi za wiki ziwe chini ya asilimia 75 yake, kwa mfano wetu chini ya 157. Utaona aibu jinsi ilivyo polepole, na bodaboda watakutania. Vumilia. Vijana wengi wanaojifundisha wenyewe wanakimbia kila siku kwa nguvu ya katikati, si polepole ya kujenga wala kali ya kunoa, na mwaka unapita wako palepale. Siku mbili tu kwa wiki ndizo za ukali: dakika nane hadi kumi na mbili karibu na 209, mara tatu au nne, na mapumziko katikati.

Kwa Kanda ya Ziwa kuna jambo la nyongeza. Kule ni tambarare, mbio ni ndefu, na mbinu ni kujificha nyuma ya mwenzio. Aliyejificha vizuri anapunguza robo ya kazi au zaidi. Wati kwa kilo zinashinda milimani. Usukumani wanaangalia nani bado ana wati kilomita za mwisho. Saa ya kwanza kila mtu ana damu moto. Hapo ndipo kifaa kinapolipa gharama yake: ukiona unakaa juu ya 209 na bado mko mwanzoni, rudi nyuma ya mgongo wa mtu.

Kingine ambacho wengi hawakitumii ni chakula. Mwili wa binadamu unapoteza sehemu kubwa ya nishati kwa joto, kiasi kwamba kilojuli moja iliyoandikwa na kifaa inakaribia kuwa kilokalori moja uliyochoma. Saa tatu kwa wastani wa wati 150 ni kilojuli 1,620. Hiyo ni karibu gramu 450 za unga mkavu wa mahindi, juu ya ule unaouhitaji ili kuishi tu. Kama nyumbani mnasonga ugali kwa kipimo cha familia, mama aambiwe.

Tumalizie na Phoenix ya baba. Kranki zake ni za chuma zinazoshikiliwa na pini, ile ambayo fundi huigonga kwa nyundo. Pedeli zinaweza kuingia kama nyuzi ni za kipimo nilichokutajia, lakini sikushauri. Baba anakanyaga kwa kandambili, na pedeli za kufuli zitamwangusha na gunia lake. Tena mtu mwenye mpunga hupanda kilima akisukuma kwa mikono, jasho linamtoka, na kifaa kinaandika sifuri. Ukitaka kujua kazi anayoifanya, tumia hesabu ya kilima. Yeye kilo 60, baiskeli 20, gunia 100, mpando wa asilimia 3 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa: wati 74 za uzito, na kwenye barabara ya vumbi karibu 50 nyingine za msuguano wa matairi. Hizo ni 120 na zaidi, mfululizo, kwa mtu ambaye pengine hajanywa hata chai. Mpokee mzigo siku mbili kwa wiki uupeleke wewe mashineni. Ila kabla hujaupanda, mwambie fundi azikague zile pini za kranki. Zikianza kucheza, baiskeli hutoa mlio wa kugonga kila pedeli inaposhuka.